Kutengeneza programu ya simu peke yako: maswali ninayoulizwa kuhusu daftari la kikoba

Programu ninayoitengeneza ina kazi moja: ni daftari la kikoba ndani ya simu. Inaandika hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii, na mwisho wa mzunguko inapiga hesabu ya mgawo. Niliianza kwa ajili ya mama mdogo, mweka hazina wa kikoba cha wanawake 29 hapa Tanga. Vikundi vingine vikaisikia, vikaiomba. Sina kampuni wala mwenza wa kazi. Natengeneza, napokea simu za watumiaji, narekebisha. Haya ndiyo maswali ninayoletewa zaidi, mengi na vijana wanaotaka kutengeneza programu zao, mengine na watumiaji wenyewe.

Nianze na wazo au na lugha ya programu?

Anza na daftari la karatasi. Mtu unayetaka kumsaidia tayari ana namna yake ya kufanya hiyo kazi, na namna hiyo ina sababu zake. Kabla sijaandika hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo ya programu, nilihudhuria vikao vitatu vya akina mama, nimekaa kimya pembeni ya mkeka. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Wahesabu fedha wanahesabu kwa sauti mbele ya wote. Mtindo huu wa sanduku ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na karibu kila utaratibu wake umewekwa ili hata asiyejua kusoma aone kwamba hela yake haijaguswa.

Rasimu yangu ya kwanza, niliyoichora nyumbani kabla ya vikao hivyo, ilikuwa inafungukia grafu za rangi. Kikaoni niliona mambo mengine kabisa. Mweka hazina anapokea hisa za watu 29 mfululizo, wanaitwa kwa namba, kila mmoja ananunua hisa 1 hadi 5, na nyuma kuna watoto wanalia na mtu anayeomba udhuru aondoke mapema. Hana nafasi ya kufungua kurasa. Basi skrini ya kwanza ikawa orodha ya wanachama kwa namba zao, na mbele ya kila jina vitufe vitano vikubwa. Grafu nikazifuta zote, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuziulizia.

Kotlin au Flutter?

Hivi ni vyombo viwili vya kuandikia programu za simu. Mimi natumia Kotlin kwa sababu watu wangu wote wana Android na nilitaka programu iwe nyepesi. Flutter inakupa Android na iPhone kwa msimbo mmoja, na ni chombo kizuri. Chagua ile ambayo una mtu wa kumuuliza ukikwama usiku. Swali hili limepoteza miezi ya vijana wengi ninaowafahamu, na mtumiaji hatajua kamwe ulichagua ipi.

Je, inahitaji bando?

Hapana. Kila kitu kinaandikwa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe. Kikao kinaweza kufanyika chini ya mwembe mahali mtandao haushiki, na hakuna kitufe kitakachogoma. Bando linahitajika siku ya kupakua programu, siku ya kupata toleo jipya, na pale unapotuma kitu kwa WhatsApp, basi. Ndiyo maana pia naihangaikia saizi yake. Kila maktaba ya msimbo, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ninayotaka kuongeza najiuliza kwanza kama ningeweza kuandika mwenyewe ile sehemu ndogo ninayoihitaji. Simu za hali ya chini hujaa haraka kwa picha na video za WhatsApp, na zikijaa mwenye simu hutafuta cha kufuta. Usiwe wewe wa kwanza kuonekana kwenye orodha hiyo.

Hesabu za hela unazifanyaje?

Kwa namba kamili peke yake. Usihifadhi hela kama desimali za kompyuta, maana kompyuta haiwezi kuandika 0.1 sawasawa kwa mfumo wake wa 0 na 1, ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata kitu kinachozidi 0.3 kwa punje. Kwenye mchezo wa simu punje hiyo haina neno. Kwenye kikoba itatokea siku moja jumla ya sanduku na jumla ya simu zikatofautiana kwa shilingi moja, na kuanzia siku hiyo simu haiaminiki tena.

Mgawo una mtego mwingine. Tuseme faida ni shilingi 1,250,000 na hisa ni 487. Kila hisa inapata 2,566, na zinabaki shilingi 358 ambazo hazigawanyiki. Zinaenda wapi? Mtengenezaji asijibu swali hilo. Nililipeleka kwa kikundi, wakaniambia mabaki yote huingia mfuko wa jamii, imo kwenye katiba yao. Kikundi kingine humpa mwanachama mgonjwa. Kwa hiyo programu inaonyesha mabaki waziwazi na kuuliza, halafu jibu linabaki limeandikwa kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ningekuwa nimeyazungusha kimyakimya ndani ya msimbo, mtu angeyagundua, na angekuwa na haki ya kuuliza nani kayachukua.

Kuiweka kwa Kiswahili si ni kutafsiri maneno tu?

Hapa ndipo programu nyingi zinaharibika, hata zilizotengenezwa na watu wetu. Kiswahili kina ngeli, na kitenzi kinafuata nomino. Ukiandika msimbo unaounganisha namba, jina la kitu na neno "imelipwa", utapata "mikopo 3 imelipwa", safi, halafu "deni 1 imelipwa", na mama aliyemaliza shule ya msingi mwaka 1974 ataona kosa hilo kabla yako. Inatakiwa iwe mkopo 1 umelipwa, mikopo 3 imelipwa. Deni 1 limelipwa, madeni 4 yamelipwa. Faini 1 imelipwa, faini 4 zimelipwa. Mwanachama 1 amelipa, wanachama 5 wamelipa. Mimi nimeandika sentensi nzima kwa kila kitu, umoja na wingi, kila moja peke yake. Ni kazi ya siku mbili. Usiunge vipande.

Jambo la pili ni msamiati. Nilikuwa nimeandika "amana" na "rejesho la mtaji", nikijiona nimefanya la maana. Akina mama wanasema "hisa" na "kurudisha mkopo". Nilipobadilisha, maswali ya namna ya kutumia programu yalipungua kuliko yalivyopungua kwa maelezo yote niliyowahi kuandika. Chukua maneno kwenye daftari lao, pamoja na tahajia wanayoitumia.

Kwa nini saa ya kikao imeandikwa kwa maneno?

Kwa sababu ya kosa langu. Toleo la kwanza lilikuwa na saa ya kawaida ya simu ya kuchagulia muda wa kikumbusho. Kikao ni saa kumi jioni, mweka hazina akachagua 10, akabonyeza sawa. Kikumbusho kikalia saa nne asubuhi. Alifanya sahihi kabisa. Kwetu siku inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, na aliyekosea ni aliyedhani 10 ina maana moja duniani kote. Sasa unachagua kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa, na chini yake inatokea sentensi: "Jumamosi, saa kumi jioni." Ukiisoma kwa sauti na ikasikika kama unavyoongea, umechagua sawa.

Umewahi kupoteza kumbukumbu za watu?

Ndiyo. Swali hili naliandikia kwa urefu ili mtu mwingine asipitie nilipopita.

Unapoongeza safu mpya kwenye hifadhidata, lazima uandike pia namna ya kuhamisha kumbukumbu za zamani kwenda kwenye umbo jipya. Wakati wa majaribio kazi hiyo inachosha, kwa hiyo nilikuwa nimeweka mstari mmoja wa msimbo unaosema: umbo likibadilika na njia ya kuhamisha haipo, futa yote uanze upya. Kwenye simu yangu haikuwa na madhara, maana data yenyewe ilikuwa ya uongo. Nikausahau mstari ule. Nikaongeza safu ya namba ya simu ya mwanachama, nikatoa toleo jipya, nikalala.

Asubuhi mama mdogo akapiga. "Mwanangu, mbona daftari limekuwa tupu?" Hakupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi. Miezi saba ya hisa za wanawake 29 ilikuwa imefutika. Kilichotuokoa ni kwamba alikuwa hajaacha kuandika kwenye karatasi. Tulikaa jioni mbili mezani kwake, yeye anasoma, mimi naandika, mpaka jumla ikalingana na ya sandukuni.

Tangu hapo nina taratibu tatu. Mstari ule haumo tena popote. Kila toleo jipya nalijaribu kwa kulisakinisha juu ya toleo la zamani lenye kumbukumbu za mzunguko mzima, kisha nalinganisha jumla zote kabla na baada. Na programu yenyewe, kabla haijagusa umbo la hifadhidata, inatoa kwanza nakala ya faili na kuiweka pembeni. Pia siwaambii watu waache karatasi. Nawaambia waandike kote kuwili mzunguko mmoja mzima, halafu wao ndio waamue.

Na simu ikiibiwa au ikitumbukia majini?

Mwanzoni nilitegemea bekapu ya Android, ambayo huhifadhi hadi MB 25 za kila programu kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu. Kisha nikaja kugundua kwamba wengi hawajui akaunti iliyomo kwenye simu zao. Ilifunguliwa dukani siku simu iliponunuliwa, na nenosiri analijua fundi, kama bado analikumbuka. Bekapu ipo na hakuna anayeweza kuifikia.

Jibu nililipata kwenye sanduku la akina mama. Kufuli tatu, watu watatu. Kila kikao kikifungwa, programu inatengeneza faili moja dogo lililofungwa kwa nenosiri la kikundi, na mweka hazina analituma kwa WhatsApp kwa mwenyekiti na katibu. Sasa kumbukumbu ziko kwenye simu tatu. Moja ikipotea, unasakinisha programu kwenye simu nyingine, unafungua faili, unaweka nenosiri, umerudi ulipokuwa. Nenosiri wanaliandika kwenye karatasi na kulifungia sandukuni. Wazo hilo ni la katibu wao, na ni bora kuliko yote niliyokuwa nayo.

Faili lazima lifungwe. Ndani yake kuna majina, namba za simu na madeni ya watu, na ujumbe wa WhatsApp husambazwa kwa kidole kimoja.

Kwa nini haisomi yenyewe meseji za M-Pesa?

Naulizwa hili kila wiki, na naelewa kwa nini. Wanachama wengine hutuma hisa kwa simu, na ingependeza programu ijisomee. Lakini tangu Oktoba 2018 Google ilitangaza masharti makali kwa programu zinazoomba ruhusa ya kusoma meseji. Kuna aina chache zinazoruhusiwa, kwa kujaza tamko na kukaguliwa. Hata bila masharti hayo nisingeomba. Ruhusa ile inafungua meseji zote za mweka hazina, za mumewe, za hospitali, za benki, ili mimi nipate meseji sita tu za kikoba.

Ninachofanya ni hiki: unabonyeza meseji ya muamala, unainakili, unaibandika ndani ya programu, nayo inatafuta kiasi, jina na namba ya muamala. Mitandao hubadilisha maneno ya meseji zao bila taarifa, hivyo programu haihifadhi kitu mpaka mtu athibitishe alichokiona.

Kuiweka Google Play kunagharimu nini?

Dola 25, mara moja. Ugumu uko kwenye majaribio. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 haiwezi kutoa programu kwa umma mpaka iwe na wajaribu waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, na Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Nimeona watu wanauziana wajaribu mitandaoni. Usinunue. Hao hawatakuambia kwamba kitufe cha "Hifadhi" kinafunikwa na kibodi kwenye simu ya skrini ndogo. Kikundi chochote cha watu wanaokutana kila wiki kina wajaribu 12, na wana sababu ya kusema ukweli.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa: kila mwaka Google inataka programu zilenge toleo la Android la karibuni. Kwa mfano, kuanzia 31 Agosti 2025 programu mpya na matoleo mapya yalitakiwa kulenga Android 15. Tenga wiki moja au mbili kila mwaka kwa kazi hii, hata kama programu yako unaiona imekamilika.

Nikipoteza kompyuta, nimepoteza programu?

Ikiwa unatumia utaratibu wa Google Play wa kutunza ufunguo wa kusaini, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba toleo jipya limetoka kwako, hapana. Google inashika ufunguo mkuu, wewe unashika wa kupakilia, na huo ukipotea unaomba mpya. Ukisambaza mwenyewe faili la kusakinishia programu (APK), nje ya Google Play, ufunguo ni wako peke yako. Ukipotea, watumiaji hawatapata toleo jipya mpaka wafute la zamani, na kufuta maana yake ni kufuta kumbukumbu. Weka nakala mahali pawili.

Nitajuaje inapoganda kwenye simu za watu?

Google Play ina ukurasa wa afya ya programu. Ukivuka asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku wanaokumbwa na programu kujifunga ghafla, au 0.47 ya kuganda, programu yako inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana dukani. Ila ukiwa na watumiaji wachache ukurasa huo hauna cha kuonyesha, kwa hiyo usiutegemee mapema. Mimi nimeweka kitufe kinachoitwa "Mwambie fundi". Kinafungua WhatsApp na kuandika aina ya simu, toleo la Android na ukurasa uliokuwapo, bila jina la mwanachama yeyote wala kiasi cha hela. Watu hukitumia, hasa kwa meseji za sauti. Sikiliza meseji hizo mpaka mwisho. Tatizo lenyewe mara nyingi liko kwenye sekunde kumi za mwisho, baada ya salamu, habari za nyumbani na pole ya kazi.

Mtu akikupa nyota moja unafanyaje?

Unamjibu, kwa adabu, ndani ya herufi 350 zinazoruhusiwa. Uliza kilichotokea. Nyota moja yenye malalamiko ina thamani kuliko tano zenye neno "nzuri". Usimbishie mtu hadharani hata akiwa amekosea. Wanaosoma ni wale ambao bado hawajapakua.

Unapata wapi hela?

Daftari lenyewe ni bure na litabaki bure. Nilifikiria usajili wa kila mwezi. Wakati huo Google ilikuwa inachukua asilimia 15 ya malipo ya usajili, jambo ambalo lisingenisumbua. Kilichonizuia ni kwamba kikundi kinachoshindwa kulipa mwezi mmoja kingefungiwa kumbukumbu za hela zake, na siwezi kumfanyia mtu hivyo. Nalipwa kwa kwenda kwenye vikundi kufundisha, na kwa kuingiza madaftari ya zamani. Kipato hicho hakitoshi kuishi. Nafanya pia kazi za tovuti, na nakuambia hivyo ili usiache ajira yako mwezi wa pili.

Sheria inasemaje?

Programu yangu haishiki hela wala haikopeshi, inaandika. Ukianza kukopesha au kupokea fedha umeingia eneo la leseni, na huko usiende bila mwanasheria. Vikundi vyenyewe vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na vinatakiwa kujisajili. Kwa taarifa za watu, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Njia rahisi ya kulinda taarifa ni kutozichukua kabisa. Mimi sina seva yenye jina la mwanachama hata mmoja.

Ya iPhone lini?

Mpaka sasa hakuna mweka hazina wa kikoba aliyeniomba. Apple inatoza dola 99 kila mwaka na utahitaji kompyuta ya Mac. Siku vikundi vitatu vikiniomba, nitaanza.

Toleo lijalo lina nini?

Sauti. Mwisho wa kikao mweka hazina husoma akiba ya kila mtu, kwa sababu wapo wasiosoma na wanategemea masikio. Nataka simu isome, yeye afuatilie kwa kidole kwenye karatasi. Kazi imekuwa kubwa kuliko nilivyodhani. "Elfu ishirini na tano" ni 25,000, lakini asiye makini anaweza kusikia ishirini elfu na shilingi tano. Na hakuna anayesema "mia mbili hamsini elfu", watu husema "laki mbili na nusu". Nimeandika mwenyewe sheria za kugeuza namba kuwa maneno, nikazipitia na katibu namba kwa namba, naye amenirekebisha mara nne. Jumamosi hii naenda nayo kikaoni kuangalia kama sauti inamfikia bibi anayekaa nyuma kabisa, karibu na mlango.